Uzoefu wangu na PhET katika kufundisha densiti na kanieneo

Nafundisha fizikia Kidato cha Kwanza na cha Pili hapa Mbeya. Kama kuna mada ambazo wanafunzi hukariri kanuni zake bila kuona kinachotokea, ni densiti na kanieneo (kani inayokandamiza kila kipande cha eneo). Densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, wote wanaijua. Waulize kwa nini ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini kuliko juu, darasa zima kimya.

PhET ni programu za kuigiza majaribio zinazotolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mimi natumia mbili, Density na Under Pressure. Unapakua faili mara moja, unaihamisha kwa flashi, na inafunguka kwenye kivinjari hata kama bando limekwisha. Kwa shule nyingi za kwetu, hilo peke yake linatosha kuifanya ifae.

Under Pressure ndiyo niipendayo zaidi. Kuna bwawa lenye kina cha mita 3 na kipimo unachokiburuta popote ndani ya maji. Juu ya maji kinasoma kilopaskali (kizio cha kanieneo) 101 hivi. Kila mita unayoshuka inaongeza kama 10, mpaka sakafuni unakuta karibu 131. Badili maji uweke petroli, namba inashuka. Weka asali, inapanda. Lakini kinachowashtua vijana ni lile bwawa la vyumba viwili, kimoja kipana chini na chembamba juu, cha pili kinyume chake. Karibu wote husema kwenye sakafu pana kanieneo ni kubwa zaidi, "kwa sababu maji ni mengi." Weka vipimo viwili kwenye kina kimoja: vinasoma sawasawa. Hapo mjadala unaanza wenyewe, na mwalimu unabaki kuusimamia tu.

Kwenye Density, nenda sehemu ya vitu visivyojulikana. Mwanafunzi anapima kitu kwenye mizani, anakitumbukiza majini, anasoma maji yamepanda kiasi gani, kisha anatafuta jibu lake kwenye jedwali la densiti. Angalia vitu vinavyoelea. Kijana akikiacha kitu kielee kisha akasoma ujazo wa maji yaliyopanda, kila kitu kitampa kilo 1 kwa lita, kiwe chepesi au kizito kiasi gani. Usimsahihishe haraka. Kitu kinachoelea husukuma maji yenye tungamo sawa na lake, kwa hiyo alichokipata ni densiti ya maji. Akikizamisha chote kwa kukishikilia chini ndipo anapata ujazo wa kweli. Kanuni ya kuelea ameigundua mwenyewe kabla hujaiandika ubaoni.

Upungufu upo. Namba zinakuja safi mno: hakuna maji yanayopinda kwenye silinda ya kupimia, hakuna jicho lililokaa upande, hakuna mshale wa mizani unaotikisika. Mwanafunzi aliyeishia kwenye skrini atapata shida siku ya mtihani wa vitendo, kwa hiyo ndoo, jiwe na mizani ya springi bado vina kazi yake. Jingine ni hewa: ile 101 ni ya usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ya hapa ni kama kilopaskali 83. Natamani wangeweka kitufe cha kupanda mlima. Kwa sasa nalieleza mwenyewe kwa mdomo.

Naipendekeza kwa mwalimu yeyote, hata mwenye kompyuta moja na projekta. Anza na bwawa la kawaida, zima hewa kwanza ili wanafunzi waone kazi ya maji peke yake, waache wakokotoe kanieneo ya kila kina kwenye madaftari, ndipo uwashe hewa na kuwauliza namba zote zimeongezeka kwa kiasi gani.