Huduma za madeni kabla ya klirensi: moja nyota 4, nyingine sifuri

Naandika hii kwa wenzangu mlioko Marekani mnaosubiri kazi ya serikali au ya makontrakta wake inayotaka klirensi, yaani kibali cha kuona siri za serikali, na moyo unadunda kwa sababu ya madeni. Mimi nimetumia huduma mbili ndani ya mwaka mmoja, majina siyaweki ila nitasema kila moja ni ya aina gani maana hapo ndo wengi tunapigwa.

Ya kwanza ni zile zinazojitangaza kwamba zitakukatia deni nusu. Jamaa wa kwenye simu maneno matamu balaa, akaniambia niache kulipa kadi zote, hela niwe naweka kwenye akaunti maalum, wanaonidai wakishachoka ndo kampuni inaenda kupatana nao. Nikafuata, miezi miwili na nusu silipi kitu. Kumbe fomu ya SF-86, ile ya kuombea klirensi, sehemu ya 26 inauliza wazi kama ndani ya miaka 7 umewahi kuchelewesha deni zaidi ya siku 120! Yaani nimebakiza wiki kama sita niingie shimoni mwenyewe, kwa ushauri wa mtu ninayetarajiwa kumlipa. Tena kampuni za hivyo zikikuuzia huduma kwa simu haziruhusiwi kuchukua ada kabla hazijamaliza hata deni moja, huyu alishaanza kuulizia hela ya kufungua faili. Nikakata simu. Sifuri.

Ya pili ni shirika la ushauri wa madeni lisilo la faida, mwanachama wa NFCC, muungano wa mashirika kama haya huko Marekani. Kikao cha kwanza bure, kama dakika 70. Yule mama hakuanza na kadi, alianza na ripoti za mikopo zote 3, za kampuni zinazoweka kumbukumbu za madeni ya watu, Equifax, Experian na TransUnion, mstari kwa mstari, mpaka tukakuta bili ya ambulensi ya dola 312 imeshapelekwa kwa wakusanya madeni, mimi nimeisahau kabisa, barua zilikuwa zinaenda nilikohama. Halafu akauliza hizi dola 200 zinazotoka kila tarehe 3 ni za nini, nikasema namtumia mama nyumbani, akanijibu basi ziingie kwenye bajeti kama kodi ya nyumba, usizifiche. Hapo nilimpenda.

Kadi 4, jumla dola 18,600, sasa nalipa kupitia wao mara moja tu kwa mwezi dola 430, riba imeshuka toka asilimia 27 mpaka 8, wao wanachukua dola 35 yao.

Nilichokuwa sijui ni kwamba wanaoamua klirensi hawana skoa ya mikopo ya kupita wala kufeli, na hakuna kiasi cha deni kilichoandikwa kwamba ukikifikia umekwisha. Wana mwongozo unaitwa SEAD 4, wa 2017, vipengele 13, cha F ndo cha hela. Wanaogopa mtu aliyebanwa na madeni atanunulika, na si hofu ya bure, Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri 1985 akiwa amezama kwenye madeni, akaja kukamatwa 1994. Ila kipengele hicho hicho kinataja na vya kukuokoa: ulipoteza kazi, uliugua, mliachana lakini ukahangaika kulipa, au unapata ushauri sehemu ya kuaminika kama haya mashirika yasiyo ya faida na deni linaonekana linapungua. Fomu yenyewe inauliza kama uko kwenye ushauri wa madeni, nikajaza ndiyo bila wasiwasi. Kuficha ndo balaa, hilo linakupeleka kipengele E, cha mwenendo wako, na deni la dola 312 linageuka kesi ya uongo.

Nyota ya tano nimewanyima hawa wa pili kwa sababu tovuti yao inagoma gomagoma, kadi zote zinafungwa (jiandae), na mwezi wa tatu malipo ya kadi moja yalichelewa siku 4 mpaka nikapiga simu mimi. Pia kodi za IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, hawagusi, na kama umeshapata barua ya kusudio la kukunyima klirensi tafuta mwanasheria, hawa hawatakufaa.

Siku ya mahojiano ya klirensi mpelelezi alipita juu juu kwenye kadi, akang'ang'ania ile ambulensi. Nikatoa risiti ya malipo, akaandika, akaniuliza mtaa wa zamani unaandikwaje, tukahamia kwenye safari zangu za nje.