Wiki tatu na LND: nodi ya kujaribia malipo juu ya meza ya cherehani

Kusakinisha LND, programu ya malipo ya bitkoini, si kazi. Nasema mapema kwa sababu mwenyewe niliiogopa miezi, nikidhani ni mambo ya watu wenye seva za kujaza chumba. Kumbe laptopu yangu kuukuu ya RAM GB 8, yenye Ubuntu, iliyokaa juu ya meza ya cherehani ya mke wangu hapa Mwanakwerekwe, ilitosha na kubakia. Kazi iko kwengine.

Chanzo ni shangazi yangu. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano Jambiani, na mgeni mmoja alimuuliza kama anapokea bitkoini. Akanipigia simu: "Mwanangu, hicho kitu kinalika?" Nikamwambia asipokee chochote. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini, na mimi si wa kumtia shangazi yangu matatani. Lakini kujaribu kwa pesa za mchezo hakumdhuru mtu, na udadisi ulikuwa umeshanishika.

LND ni programu ya kuendeshea nodi (kompyuta iliyomo kwenye mtandao) ya Lightning, mtandao unaokaa juu ya Bitcoin ili malipo madogo yasisubiri bloku, lile fungu la miamala linaloingia kwa pamoja kwenye daftari la Bitcoin. Chini yake nikaweka Bitcoin Core, programu inayotunza na kukagua daftari hilo. Hapo unachagua uwanja wa kuchezea. Mnyororo wa kweli, yaani bloku zote tangu mwanzo, ni zaidi ya GB 600, na hata ukiiambia programu ihifadhi kidogo tu, lazima kwanza ivute zote, ikague, ndipo itupe. Kwa bando zetu hizi, sahau. Signet ni mtandao wa majaribio mnaoshirikiana na wengine, bloku huja kila baada ya dakika kumi hivi. Mimi nilikwenda na regtest, ambao hautoki nje ya kompyuta yako na bloku unazitoa mwenyewe kwa amri moja. Ukishakuwa na programu, huvuti tena hata MB moja.

Nikatoa bloku 101, maana zawadi ya kutoa bloku haitumiki mpaka zipande nyengine 100 juu yake. Basi nikawa tajiri: bitkoini 50 mkononi, na haziniletei hata bakuli la urojo.

Makosa niliyofanya ni yangu yote, na mengi ni ya kutosoma. Poti ya RPC (mlango ambao LND hupitia kuiamrisha Bitcoin Core) niliiandika juu kabisa ya bitcoin.conf, faili la mipangilio ya Bitcoin Core, nje ya sehemu yenye kichwa [regtest]. Mstari ule ukiwa nje hauhesabiwi kwa regtest, kwa hiyo Bitcoin Core ikabaki inasikiliza kwenye poti 18443 na LND mimi nimeielekeza kwengine. Nilihangaika tangu baada ya Isha mpaka saa tano usiku, na onyo lenyewe limeandikwa kwenye logi, faili la kumbukumbu za programu, mstari wa tatu wa nne hivi. Halafu zile ZMQ mbili, njia za Bitcoin Core kuiarifu LND, ya bloku na ya miamala, nikazipa poti moja. Kila moja inataka yake; maelekezo yanatumia 28332 na 28333, yafuate yalivyo, usijitie ujuzi.

Nikaanzisha nodi mbili, moja nikaiita Nyumba na nyengine Mgeni. Ya pili unaipa folda yake na poti zake, maana 9735, 10009 na 8080 zimeshachukuliwa na ya kwanza. Kila nodi ikanipa maneno 24 ya kurudishia pochi, nikayaandika kwenye daftari la skuli la mwanangu, ukurasa wa nyuma. Nyumba ikafungua chaneli, njia ya malipo baina ya nodi mbili, ya satoshi 1,000,000 (satoshi ndiyo chembe ndogo ya bitkoini) kwenda kwa Mgeni, nikatoa bloku sita, chaneli ikawa hai. Nikatengeneza ankara (za regtest huanza na lnbcrt), nikamwambia Mgeni alipe. Ikakataa: salio halitoshi. Nikajaribu tena kwa satoshi mia moja tu. Vile vile.

Nikaja kuelewa kesho yake. Fedha zote zilikuwa upande wa Nyumba, kwa sababu Nyumba ndiyo iliyofungua. Mgeni hana cha kusukuma. Nikamgawia Mgeni sehemu ya zile bitkoini, nikafungua chaneli nyengine, safari hii kutoka kwake, na malipo yakapita kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Hapo, yakhe, nilipiga ukelele mke wangu akaja kutazama kama laptopu imeungua.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, ikazimika palepale. Asubuhi nodi zote mbili zimeamka lakini pochi zimefungwa, zinasubiri nywila. Nikafungua. Bado LND ikasema haijalingana na mnyororo. Nikazima, nikawasha, nikakaribia kufuta kila kitu nianze upya. Dawa yake ni kutoa bloku moja tu: bloku ya mwisho ilikuwa ya jana yake, na LND ikiona bloku iliyopitwa na saa nyingi hivyo hudhani iko nyuma ya wenzake. Kwenye mtandao wa kweli bloku hazikomi kuja, tatizo hilo hulioni. La nywila lakini utaliona.

Shangazi alikuja mjini kwa harusi, nikamwonesha. Neno chaneli halikumwingia. Nikamwomba tasbihi yake, nikanyoosha kipande cha uzi baina ya vidole. Punje zote zikiwa kwangu, naweza kukupa, wewe huna cha kunipa. Nikikusogezea kumi, unaweza kunirudishia kumi, si kumi na moja. Punje haziongezeki.

"Kwa hiyo ili nipokee, mwengine atangulie kuweka upande wake?"

"Ndiyo. Mgeni, au yeyote atakayefungua chaneli kuja kwako."

"Na umeme ukikatika saa nane za usiku, mgeni anaondoka alfajiri, nani ataamka kuandika nywila?"

Nikamwambia unaweza kuiweka nywila kwenye faili, LND ijifungue yenyewe.

"Faili liko wapi?"

"Kwenye kompyuta hiyo hiyo."

Akanitazama. Akachukua tasbihi yake, akaniambia nimtafutie gari ya Jambiani.

Mimi LND nimeipa nyota nne kwa tano. Mwezi ujao nahamia signet, nikipata betri.