Samaki wa tanuri, Malindi: nenda, ila uliza bei ya asali kwanza

Samaki ndiye wa kumwendea. Mengine kwenye hoteli hii ya Wayemeni yana nafasi ya kubishaniwa, samaki hana. Ipo Malindi ya Unguja, karibu na bandari, haina kibao, ina milango miwili ya buluu na tanuri la udongo ubavuni. Mie kazi yangu uwakala wa forodha, na siku makontena yasipokwenda, chakula changu cha mchana ni hapo.

Samaki anapasuliwa mgongoni, anafunuliwa, anapakwa bizari na chumvi, kisha anaingizwa kwenye tanuri la kuni mpaka ngozi iungue na nyama ibaki na maji yake. Omba changu mkubwa. Kolekole hukauka pembeni. Analetwa na mkate mpana mwembamba uliotoka tanuri hilo hilo, na kibakuli cha nyanya, pilipili mbichi na thomu vilivyotwangwa pamoja. Sinia moja watu wawili, Sh 25,000. Wali wao siusifu, hauna harufu. Chai ya maziwa ina sukari ya kumuuma mtu jino.

Kitamu cha mwisho ni mkate uliofikichwa na ndizi mbivu, samli na asali. Hapo ndipo pa kutahadhari. Ukikubali "asali ya kwetu", maana yake asali ya mkunazi kutoka Hadhramaut, bili inapanda karibu mara mbili. Nilimuuliza mwenye hoteli, "Ami, hii imepita njia gani hata ikawa ghali hivi?" Akasema imekwenda kwa gari mpaka Oman, kutoka huko ikaja kwenye mizigo ya watu. Ami ni mtu wa Hudaydah, mji wa bandari huko Yemen, na watu wawili wa bandari wakishaanza, mazungumzo yao huishia gatini.

Yemen huagiza karibu asilimia 90 ya chakula chake, na sehemu kubwa ilikuwa ikishukia Hudaydah. Wahouthi, waasi wa kaskazini mwa Yemen, waliuteka mji mkuu, Sana'a, Septemba 2014. Tarehe 26 Machi 2015 muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ukaingia vitani kumrudisha madarakani Rais Hadi wa Yemen. Agosti mwaka huo ndege zikazipiga kreni za Hudaydah. Hapa kwetu kreni moja ikilala wiki, bei ya sukari Darajani inakwambia. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likanunua kreni nne nyengine, kwa fedha za Marekani. Chombo kilichozibeba kikarudishwa na muungano Januari 2017, na kreni hazikushushwa mpaka Januari 2018. Na Marekani hiyo hiyo iliendelea mpaka Novemba 2018 kuzijaza mafuta angani ndege za muungano. Nimeshaona wateja wa ajabu katika kazi hii, lakini anayelipia kuvunja na kulipia kutengeneza kwa wakati mmoja sijampata bado.

Kuna na jambo la vibali. Kuanzia Mei 2016 Umoja wa Mataifa ulikuwa na ofisi Djibouti ya kukagua meli zinazokwenda Hudaydah. Meli inapata kibali, halafu manowari za muungano zinaizuia tena, khasa zile za mafuta. Asiyefanya kazi yetu anaona ni kungoja tu. Meli haingoji bure, bwana. Kila siku ina tozo yake, na tozo ile haimaliziki kwa mwenye meli wala kwa mfalme yeyote, inamaliziwa kwenye gunia la unga.

Kila hati ya shehena ninayoishika ina jina la mpelekaji. Mzigo ukileta madhara, tunamrudia. Bomu la muungano lililopiga basi la watoto wa skuli huko Dahyan, Yemen, tarehe 9 Agosti 2018, likaua watoto 40, lilitengenezwa Marekani. Mpelekaji anajulikana. Makombora ya Wahouthi, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza Januari 2018 kuwa asili yake Iran. Naye anajulikana. Uingereza, mahakama yake ya rufaa iliamua Juni 2019 kwamba leseni za kuiuzia Saudia silaha zilitolewa kinyume cha sheria. Julai 2020 serikali ikatangaza inaanza tena kuzitoa. Wataalamu wengine, waliopewa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kazi ya kuandika nani kafanya nini katika vita hivi, wakafungiwa daftari na Baraza hilo hilo Oktoba 2021, kwa kura 21 dhidi ya 18. Unga ulikaguliwa mpaka chini ya meli, wapeleka mabomu hakuna aliyewafungulia sanduku.

Ami hakubali yote. "Na wetu uwataje, mwanangu," alinambia. Ana haki: chakula cha msaada kilikuwa kikiibiwa kwenye maeneo ya Wahouthi, hata Juni 2019 shirika lile lile la chakula likasimamisha sehemu ya mgao wake Sana'a. Mkataba wa kusitisha mapigano wa Aprili 2022 uliziruhusu meli 18 za mafuta kwa miezi miwili, watu wakapumua. Kisha Julai 2024 ikaja Israel kuipiga bandari ile ile, kreni na matangi, baada ya droni ya Wahouthi kufika Tel Aviv.

Haya, asali. Chupa ya robo kilo anaiuza Sh 70,000. Nzito, tamu kwa kuchelewa, inakwaruza koo kidogo. Haina lebo wala nchi ilikotoka, na kwenye kaunta yangu isingepita. Nilinunua. Lakini kwa ule mkate wa ndizi asali ya kawaida inatosha kabisa, usione haya kuiomba. Kadi hawapokei, na Ijumaa baada ya sala samaki kesha kwisha, kwa hivyo mpitie asubuhi umwambie akuwekee.