Kuutambua mti wa yuu: lenzi ya mkono au hadubini?

Kwa gharama na haraka, lenzi ya mara 10 haina mpinzani. Kata ncha ya ubao kwa wembe mkali (ukipiga msasa tu, vumbi litaziba kila kitu), lowesha kidogo, tazama. Yuu, *Taxus baccata*, mti wa Ulaya wenye majani kama sindano, haina vishimo vya vyombo vya maji kama mininga, wala mifereji ya utomvu kama misonobari. Pete zake za ukuaji mara nyingi zimebanana, kiini ni cha rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, na ukanda wa nje ni mweupe, mwembamba.

Tatizo ni mreteni (juniper), mti mwingine wa aina hiyo: nao hauna mifereji hiyo. Harufu kali ya mreteni husaidia, ila ubao mkuukuu huweza kuipoteza.

Hapo hadubini hushinda. Kipande chembamba kilichokatwa kufuata urefu wa nyuzi huonyesha michirizi ya mzunguko ndani ya seli, kama springi, ambayo mreteni hauna. Lakini inadai slaidi, mkono mtulivu na usafi wa lenzi.

Mchongaji mwenye kipande kipya atatosheka na lenzi. Anayechunguza upinde wa kale, hapana.