Nimelala usiku mmoja Chicago Athletic Association: jicho la seremala

Nilianza useremala nikiwa na miaka kumi na minne, kwa mjomba wangu Lamu, na leo kazi ni ile ile hapa Milwaukee: nafunga makabati ya jikoni na fremu za milango. Nilipomwambia mama Salim kwamba mwaka huu kumbukumbu ya ndoa yetu tukailalie Chicago, katika jengo lililokuwa klabu ya michezo ya matajiri na sasa ni hoteli, alijua papo hapo kwamba ninafuata mbao. Alikubali kwa sharti kwamba na yeye apate kitanda kizuri na dirisha lenye mandhari.

Jengo liko Michigan Avenue, namba 12 upande wa kusini, likitazamana na Millennium Park. Ukifika usiingie moja kwa moja. Vuka barabara, simama upande wa bustani, uinue macho. Henry Ives Cobb ndiye aliyelichora, na lilifunguliwa 1893, mwaka ule ule Chicago ilipokuwa na maonyesho makubwa ya dunia, ingawa moto ulikuwa umeliunguza 1892 likiwa bado mikononi mwa mafundi. Cobb aliitazama ikulu ya Doge, mtawala wa zamani wa Venice: matao yenye ncha, nguzo nyembamba, matundu ya duara yaliyochongwa kama maua. Ukitulia utaona kila safu ya madirisha ina mtindo wake, na ukiielewa safu hiyo umeshajua kilichoko ndani. Ghorofa ya pili madirisha ni marefu na mapana kwa sababu nyuma yake ndiko kwenye sebule kuu.

Yale matao yalinishika. Ncha ile inayopinda na kuchongoka juu ilifika Venice na wafanyabiashara waliokuwa wakienda Alexandria na Damascus, wakarudi na jicho lililozoea majengo ya Waislamu. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mawe yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na matao yake madogo ya plasta nimeyapapasa kwa vidole tangu utotoni. Kukuta jamaa wa ukoo ule ule kwenye barabara ya Chicago, juu ya matofali, karibu na ziwa linaloganda, kulinifanya nisimame pale mpaka mama Salim akanivuta mkono.

Ndani, panda ngazi za marumaru kwa miguu, lifti iache. Juu utakuta sebule yenyewe, wanayoiita Drawing Room, na hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Kuta zimevikwa mbao nyeusi, meko ni makubwa, dari limegawanywa kwa nakshi. Nilipiga magoti kwenye kona kuangalia maungio. Watu wengi hawajui kwa nini kuta za namna hii hudumu zaidi ya miaka mia moja katika mji wenye joto la fukuto Julai na baridi kali Januari, huku nyumba zikipashwa moto na hewa ikikauka. Siri iko kwenye ubao wa katikati: haupakwi gundi. Unaachwa huru ndani ya mfereji wa fremu, upanuke na kunywea utakavyo, fremu ikiushika tu kama mtu aliyemshika mtoto mkono bila kuuminya. Ukiugundisha, unapasuka ndani ya misimu michache. Maungio niliyoyatazama yamebana. Na kwenye usawa wa viti kuna mikwaruzo ya zamani ambayo haikupigwa msasa, jambo lililonifurahisha kuliko ung'aavu wote.

Klabu yenyewe ilifungwa 2007, jengo likakaa tupu kwa miaka, na likafunguliwa tena 2015 kama hoteli ya vyumba 241. Usanifu wa ukarabati ulifanywa na Hartshorne Plunkard Architecture, na mapambo ya ndani yakafanywa na kampuni ya Roman and Williams. Chumbani kwetu benchi la ngozi mbele ya kitanda limetengenezwa kwa mfano wa farasi wa jimnastiki, kile kifaa cha kurukia na kujizungushia, na majoho ya kuogea yameshonwa kama ya mabondia. Ni mapambo, lakini yanakumbusha kwamba hapa watu walikuja kufanya mazoezi kweli. Uwanja wa mpira wa kikapu upo bado. Bwawa la kuogelea limefunikwa sakafu na kuwa ukumbi wa shughuli. Hilo lilinihuzunisha, ingawa naelewa kwamba jengo lazima lijilipie.

Lazima niliseme na hili. Wenye klabu walikuwa watu wa aina ya Marshall Field, mfanyabiashara wa maduka, na kwa miongo mingi uanachama ulikuwa wa wanaume tu. Mtu wa kazi yangu angeingia kwa mlango wa nyuma, na sanduku la zana begani. Leo sebule ile iko wazi kwa yeyote, hata kama hulali pale. Unaagiza kahawa, unakaa. Niliwaona wanafunzi na kompyuta zao, na bibi mmoja anafuma sweta karibu na dirisha. Kwa hiyo kama bei ya chumba inakuzidi (na hupanda na kushuka sana, wikendi za kiangazi usiulize), nenda asubuhi kwa kahawa tu, na utakuwa umeona sehemu iliyo bora.

Juu kabisa kuna Cindy's, mgahawa wenye paa la kioo. Ziwa Michigan lote liko mbele yako. Mama Salim alipapenda kuliko mimi.

Jioni tulikuwa tumenunua mtandaoni ziara ya kutembezwa kwenye klabu za zamani za mtaa huo. Kampuni sitaitaja. Mwongozaji alitupitisha mbiombio na hakujibu maswali, nikaamua kuirudia njia ile peke yangu. Namba 112 ya barabara hiyo hiyo ilikuwa Illinois Athletic Club, ambako Johnny Weissmuller aliogelea kabla ya medali zake tano za dhahabu za Olimpiki. Sasa ni madarasa ya School of the Art Institute. Kwenye kona ya Monroe ipo University Club, iliyochorwa na Martin Roche na kukamilika 1909, mnara wa Kigothi ambao bado ni klabu. Huko mlango ni wa wanachama na wageni wao. Niliishia kutazama vilele vyake kutoka bustanini mpaka taa zikawaka, na nakiri nililitamani dari la ule ukumbi wao wanaouita Cathedral Hall.

Nyota tano natoa, moja kati ya hizo kwa ajili ya asubuhi. Saa kumi na mbili nilishuka peke yangu, sebule haina mtu, jua linatoka ziwani na kupenya kwenye matao, na kivuli cha ile ncha iliyopinda kikawa kinatambaa taratibu juu ya mbao nyeusi. Nilichora umbo lake kwenye karatasi ya hoteli. Kabati ninalomtengenezea Salim litakuwa na tao hilo.