Ziara ya Mji Mkongwe: kabla ya kulipa, uliza mtu wa mwisho atasikia nini

Mwaka jana mwezi wa nane nilimvusha mama yangu Unguja. Ana miaka 71, mzaliwa wa Tanga, na tangu utotoni alikuwa akisimuliwa habari za Mji Mkongwe na shangazi zake bila kuukanyaga. Tulipanda boti ya asubuhi kutoka Dar, tukashusha mizigo, tukalipia ziara ya miguu ya masaa matatu. Tulikuwa watu 14. Kijana aliyetuongoza alikuwa na kitambulisho, nadhifu, na ujuzi alikuwa nao kweli. Mimi nilikuwa wa tatu nyuma yake, nilimsikia. Mama, kwa sababu ya magoti, alikuwa wa mwisho. Tuliporudi hotelini alikaa kitandani, akavua viatu, akasema: "Yule mwanangu anajua mambo, lakini mimi nimetembea tu. Sikusikia kitu."

Neno hilo liliniuma. Nilikuwa nimeweka akiba miezi mitano kwa ajili ya siku ile.

Bei, masaa, idadi ya vituo, maji ya kunywa bure: hayo kila kampuni itakwambia yenyewe, sina haja ya kuyarudia. Kitu ambacho hakuna anayekigusa ni sauti. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya miguu na kivuli, na kuna mahali watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Kwa hiyo msafara wa watu 14 hauwezi kukaa duara, unakaa foleni. Kiongozi yuko mbele, amewapa mgongo, anaongea huku anatembea. Anakata kona na maneno yake yanakwenda naye. Halafu inapita vespa, wote mnajibana ukutani na mikoba kifuani, na mpaka mlio wa injini uishe masikioni, kiongozi ameshatoka kwa Sultani Barghash yuko kwa Tippu Tip.

Kuna mlango mmoja siku ile ulinionyesha tatizo zima. Kiongozi aliuelezea vizuri sana: minyororo iliyochongwa kwenye fremu kuanzia chini mpaka juu, samaki, maua, na ule mti wa katikati unaoitwa mfaa, ambao mbao zote mbili zinafungia hapo. Alipomaliza akaondoka. Wa tano alipiga picha. Wa kumi alipita akitazama simu. Mama alipofika pale mbele hapakuwa na mtu wa kumwambia chochote, akaona mbao tu.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa ziara, kuanzia bora, unafuata swali moja: mtu wa mwisho anasikia nini?

Namba moja, bila kusitasita, ni ziara ya miguu ya watu wanne au pungufu, na kwa upande wangu ni Kawa Tours. Nasema wazi kwamba nawapenda, na hawanilipi. Kawa ni chuo cha hapo hapo Mji Mkongwe kinachofundisha vijana wa Zanzibar kazi ya kuongoza watalii, na ziara zao zinaongozwa na vijana waliofundishwa hapo. Desemba nilirudi na mama na dada yangu, watu watatu tu. Tuliongozwa na binti mmoja mpole. Kitu cha kwanza alichofanya: "Shikamoo bibi. Wewe utatembea na mimi mbele, hawa watatufuata." Mama akaitikia marahaba na kumshika mkono.

Cha pili alichofanya ndicho ninachotaka ukidai kwa kiongozi yeyote, awe wa Kawa au asiwe. Alikuwa anaeleza kabla ya kuingia kichochoroni. Anatusimamisha penye nafasi, anamkalisha mama barazani, anasema: humu tunamopita kuna milango mitatu, ule uliokatwa mraba juu ni wa Kiarabu, wenye tao ni wa Kihindi na ulikuja baadaye, utafuteni wenyewe. Kisha tunapita kimya, macho yanafanya kazi. Upande wa pili anauliza tumeona nini. Zile baraza za mawe mbele ya nyumba zimewekwa ili watu wakae, na kiongozi asiyezitumia akiwa na mzee kwenye msafara hajui kazi yake. Adhana ilipoanza alinyamaza mpaka ikaisha, hakushindana nayo.

Pale Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, alitusimulia nje, chini ya mti, kabla hatujaingia. Kwamba madhabahu imewekwa pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watu. Kwamba msalaba mdogo wa mbao ndani umetokana na mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake kule Zambia. Kwamba sanamu za watu watano shimoni, zenye mnyororo halisi shingoni, ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Na kuhusu vile vyumba vya chini ambavyo wengi wanaambiwa ni mahabusu ya watumwa, alisema wapo wanahistoria wanaoamini vilijengwa baada ya soko kufungwa. Hilo mwezi wa nane hatukuambiwa, au tuliambiwa na mimi wa tatu nisisikie. Mama alishuka akiwa na maneno yote kichwani. Alisimama mbele ya zile sanamu muda mrefu na hakuna aliyemharakisha.

Namba mbili ni mashua ya jioni mbele ya Forodhani. Wengi wanaichukua kwa ajili ya picha za jua kuzama, mimi naichukua kwa sababu wote mnakaa pamoja na hakuna wa mwisho. Kutoka majini unauona uso wa mji wote kwa mara moja: Ngome Kongwe, Jumba la Sultani, ile zahanati ya zamani yenye vibaraza vya mbao, na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Ni kutoka majini hivi hivi wapiga mizinga wa Kiingereza walipolipiga jumba la Sultani asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, vita ambavyo havikumaliza hata saa moja. Ukisimuliwa habari ile ukiwa majini, unaelewa kwa nini jumba halikuwa na pa kujificha.

Sharti ni moja: waambie wazime injini mkishatoka, watweke tanga. Mashua nyingi za watalii zina injini nyuma, na nahodha akiiacha inanguruma mpaka mwisho, umenunua kelele. Kubaliana naye ukiwa ufukweni. Na hakikisha kuna mtu wa kusimulia, maana mara nyingi unapewa baharia na juisi tu.

Namba tatu ni ile ya kuunganisha mji na kisiwa cha Changuu siku moja. Kobe wale wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli, watoto watawapenda sana. Lakini mji unapewa saa moja ya mwisho, watu wameungua jua na chumvi imewakauka mwilini. Kama una watoto, nenda Changuu peke yake, mji uupe siku yake.

Ya gari sikushauri. Noah au Hiace haingii vichochoroni, itakuzungusha Darajani, Mkunazini na Mizingani, na unasikia vizuri kabisa habari za vitu usivyoviona. Labda kwa mtu asiyeweza kutembea kabisa.

Kutembea mwenyewe na simu mkononi ni rahisi na hakuna ubaya, ila ramani inapotea katikati ya kuta ndefu na wewe unapotea nayo. Fanya hivyo siku ya pili, ukishasimuliwa.

Sasa mapapasi, wale vijana wanaowavizia watalii. Wanakusubiri bandarini kabla hujatoa mguu kwenye boti, na wengine wanakufuata mpaka Shangani. Sina chuki na kijana anayetafuta riziki. Nina hasira na njia ile ya kukupeleka kwenye maduka: ziara inaitwa ya historia, halafu unasimama dukani dakika ishirini kwa picha za tingatinga, dakika ishirini nyingine kwa viungo, kwa sababu ana kamisheni pale. Dukani humo, nakuhakikishia, mtu wa mwisho anasikia kila neno. Muulize mapema: tutaingia maduka mangapi? Na mwombe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Mwenye nacho hachukii kuulizwa.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Wasomaji wanne mwaka huu wameniandikia jambo lile lile: Mtanzania anauliza bei kwa Kiswahili, anajibiwa kwa dola. Akisisitiza kuhusu shilingi anapewa bei, lakini ziara inafupishwa, au anaingizwa kwenye msafara wa wageni na kila kitu kinasemwa kwa Kiingereza. Yaani mama anayejua Kiswahili kuliko wote pale anazungushwa Mji Mkongwe kwa lugha asiyoijua! Hili haliwezi kuvumiliwa katika mji ambao lugha yake ndiyo iliyosambaa mpaka Kongo. Ukipiga simu kuweka nafasi, ongea Kiswahili tangu salamu, taja kwamba ziara unaitaka kwa Kiswahili, na waandike hivyo kwenye ujumbe wa uthibitisho. Bebeni na vitambulisho vya taifa, maana sehemu nyingi za makumbusho zina bei ya raia na hawakwambii usipouliza.

Jioni ile ya Desemba tulikaa Forodhani tukila urojo. Mama aliniuliza tumepita milango mingapi yenye minyororo. Nikamwambia minne. Akasema mitano, ule wa tano ulikuwa wazi na ubao wake umelala ukutani, ndiyo maana mimi sikuuona.