Eti "shaba ni shaba": duka la vifaa vya maabara lililonichefua Kisumu

Haki yao niwape kwanza: mzigo ulifika haraka. Boda aliuleta hadi mlangoni, chupa imefungwa vizuri, bei si mbaya. Kwa hilo ningewapa nyota mbili.

Shida ni kilichokuwa ndani. Niliagiza kichocheo (kitu cha kuharakisha mabadiliko ya kemikali) cha shaba juu ya punje za silika, madini meupe ya aina ya mchanga, cha kugeuza ethanoli ya molasi, yaani pombe, kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, na kwenye oda nikaandika waziwazi: shaba ituamishwe, yaani itulie kwenye silika kutoka majini, kwa urea. Ni njia ya polepole. Mchanganyiko hupashwa hadi nyuzi 90 hivi, urea ikavunjika kidogo kidogo, pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) ikapanda chomboni kote kwa pamoja, na shaba ikaishika silika kwa chembe ndogondogo zilizosambaa. Wao wamelowesha punje za silika kwa maji ya chumvi ya shaba, wakakausha mbiombio. Nimejuaje? Nilipasua punje kwa wembe. Nje nyeusi tititi, ndani nyeupe pepepe, kama andazi lililoungua nje na ndani bado unga. Maji yakikimbilia nje kwa joto la haraka, huikokota shaba hadi ukingoni.

Nikaenda dukani na punje kwenye kikaratasi. Kijana wa kaunta hakuzitazama hata. Macho kwenye simu, akasema, "Madam, shaba ni shaba. Asilimia uliyotaka iko."

Asilimia! Nani alimuuliza asilimia? Shaba kiasi kilekile ikikaa mabonge, nyingi imejificha ndani ya bonge na ethanoli haiifikii. Inayofanya kazi ni ile ya juu tu.

Nilirudi maabara nikitetemeka kwa hasira. Nikasuuza punje, nikatia yale maji asidi ya nitriki kidogo, kisha tone la nitrati ya fedha. Papo hapo yakawa meupe. Kloridi! Yaani hata nitrati ya shaba walibania, wakatumia chumvi ya kloridi. Kloridi ikibaki, chembe za shaba zikipata moto hutembea na kuungana, na mtambo wetu hufanya kazi karibu nyuzi 300. Kichocheo kilikufa kabla sijafungua hidrojeni, gesi ya kukiamsha.

Zile nyota mbili nazichukua. Ingawa silika yao tupu, kusema kweli, ni safi, na sijawahi kuipata na kasoro. Ukitaka hiyo, nenda, halafu shaba uweke mwenyewe.

La, hata hiyo msinunue. Sio mpaka mwenye duka anirudishie pesa, na yule kijana aziangalie zile punje.